Siku ya sindano iwe pia siku ya mizani na presha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu mizani. Tunamaanisha mizani ya kusimamia, pamoja na kipima presha na tepu ya fundi cherehani. Kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, majukwaa hujaa hoja za vitanda, majengo na madaktari bingwa, nasi hatuzipingi. Ila mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, anayekwenda zahanati kila baada ya wiki nne kuchomwa sindano yake ya dawa ya akili huonana na mhudumu wa afya mara 13 kwa mwaka. Ni wachache katika kata yake wanaofika zahanati mara zote hizo. Na bado mtu huyo anaweza kumaliza miaka mitano bila kupimwa presha hata mara moja.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili, yaani skizofrenia, baipola na sonona kali, hufariki miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao. Wengi hudhani kinachowamaliza ni ajali na kujiua. Vyote vipo, na si vidogo. Lakini sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na magonjwa ya kawaida kabisa ambayo tabibu yeyote wa zahanati anayafahamu: moyo, kiharusi, kisukari, mapafu, kifua kikuu na maambukizi mengine. Mtu anatibiwa kichwa, anazikwa kwa presha.

Kosa huanzia mezani, kabla hata daftari halijafunguliwa. Mgonjwa mwenye jina la "wa akili" akisema kifua kinambana, jibu linalokuja ni kwamba ameacha dawa. Akisema tumbo limejaa siku sita hajapata choo, anaambiwa ni mawazo. Mhudumu anaona ugonjwa mmoja tu, ule ulioandikwa juu ya kadi, na kila dalili mpya inafungiwa humo humo. Ndugu nao hufanya hivyo hivyo nyumbani. Dawa ya kosa hili ni ndogo: lalamiko lolote jipya la mwili lichunguzwe kwanza kama lingechunguzwa kwa mtu mwingine, kisha ndipo suala la akili lifikiriwe. Mpangilio huo ukigeuzwa, mtu hufia kwenye benchi la kusubiria.

Halafu zipo dawa za akili zenyewe. Olanzapini inanenepesha kwa kasi, na sukari hupanda nyuma yake. Klopromazini nayo haimwachi mtu alivyokuwa. Inaongeza uzito, inashusha presha mtu anaposimama ghafla, inakausha choo na kuifanya ngozi iungue kwa jua, jambo linalomhusu sana mkulima. Haloperidoli na flufenazini hazinenepeshi kwa kiwango hicho, ila zinakakamaza misuli na kuvuruga hedhi. Hatusemi dawa ziachwe. Bila dawa wengi wao hurudi kwenye kamba na minyororo. Tunasema aliyeandika dawa ndiye mwenye jukumu la kupima ilichofanya.

Siku ya sindano, basi, vipimo vitangulie na sindano ifuate. Akishachomwa, mgonjwa amepata alichokijia, na ndugu aliyemleta anawahi bodaboda. Hapo hakuna tena wa kupanda mizani. Mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu, mshale urudishwe sifuri, viatu na koti vivuliwe. Kwa anayeanza dawa au aliyebadilishiwa, uzito upimwe siku ya kwanza, kisha wiki ya 4, ya 8 na ya 12, na baada ya hapo walau kila miezi mitatu. Ongezeko la asilimia 5 ni kengele: mtu wa kilo 60 akifika 63 ndani ya miezi mitatu, mazungumzo ya chakula, kutembea na uwezekano wa kubadili dawa yaanze siku hiyo hiyo. Akifika 75 ndipo yaanze, kazi ni nyingine kabisa. Tepu ya fundi izungushwe kiunoni usawa wa kitovu. Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wa mtu.

Presha ipimwe baada ya mgonjwa kukaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono usawa wa moyo, kitambaa cha kipima presha kikiwa juu ya ngozi wala si juu ya shati. Mkono wenye mzunguko unaozidi sentimita 32 unataka kitambaa kikubwa. Kile cha kawaida huleta namba za juu za uongo, na mtu anaanzishiwa dawa asiyoihitaji. Mwenye wasiwasi apimwe mara mbili, ichukuliwe ya pili. Ikionekana 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti, hiyo ni presha kama ya mtu yeyote, na inatibiwa pale pale kwa dawa zile zile. Hahitaji rufaa ya Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, kwa sababu ya presha. Kwa wanaotumia klopromazini au amitriptilini, dawa ya sonona, kuna hatua moja ya ziada: wasimamishwe, wapimwe tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, hapo ndipo penye chanzo cha mzee kuanguka akienda chooni usiku. Afundishwe kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, na kiwango cha dawa kitazamwe upya.

Sukari ipimwe siku ya kuanza dawa, ipimwe tena baada ya miezi mitatu, kisha mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi mtu akianza kukojoa sana na kunywa maji kupita kiasi. Asubuhi kabla hajala, milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea ni kisukari, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili. Wakati wowote wa siku, 11.1 na kuendelea kwa mwenye dalili inatosha. Tahadhari moja: wapo wanaokunywa maji mengi kwa sababu benzheksoli, dawa ya kulegeza mkakamao, imewakausha kinywa, si kwa sababu ya sukari. Kipimo ndicho kitakachowatenganisha.

Baada ya vipimo, maswali manne. Choo kikoje? Hedhi au mambo ya ndoa yamebadilika? Miguu inatulia, au inalazimisha kutembea? Kuna kikohozi, homa, jasho la usiku au kukonda? Maswali haya huchukua muda mfupi kuliko kuandika MTUHA, yaani madaftari ya taarifa za kituo, na kila moja lina mtego wake. Choo kugoma kwa mtu anayemeza klopromazini, benzheksoli na amitriptilini kwa pamoja kunaweza kuishia kwenye utumbo kuziba. Mwanamke ambaye hedhi imekatika kwa ajili ya dawa hudhani ana mimba, au hudhani hawezi tena kuipata, akaacha uzazi wa mpango; mimba hupatikana vizuri tu. Miguu isiyotulia ndiyo inayoumiza zaidi, maana mtu anazunguka uani usiku kucha, familia inasema ugonjwa umerudi, na mhudumu anaongeza haloperidoli. Ameongeza kile kile kinachomtesa.

Kuhusu sindano yenyewe, ile ya flufenazini dekanoeti ambayo wengi huiita Modecate, tunaona makosa yanayojirudia. La kwanza ni kumchoma mtu ambaye hajawahi kumeza dawa yoyote ya kundi hilo. Kidonge kikimkataa unakiacha, kwa siku chache kinatoka mwilini. Sindano ya mafuta ikishaingia haitoki, itakaa naye wiki kadhaa. Aanze vidonge, aonekane anavivumilia, kisha apewe dozi ya majaribio ya miligramu 12.5, na baadaye 25 kila baada ya wiki mbili hadi nne kulingana na hali yake. Kosa la pili ni bomba na sindano vyenye unyevu: dawa iko kwenye mafuta, maji huichafua ikawa kama maziwa. La tatu ni sindano nyembamba. Mafuta hayapiti, tumia namba 21, ingiza ndani ya msuli wa tako, robo ya juu upande wa nje, vuta bomba kuangalia damu, sukuma polepole, usisugue, na mwezi ujao hamia tako la pili. Ikichomwa juu juu huacha uvimbe mgumu na dawa haifanyi kazi ipasavyo. La nne ni kufidia: mtu amekosa mwezi mmoja, akirudi anachomwa dozi mbili. Dozi iliyopita imepita.

Ndani ya saa au siku chache za mwanzo wa dawa, hasa kwa vijana wa kiume, shingo huweza kupinda, taya kukaza na macho kupanda juu. Familia ikiona hivyo humkimbiza kwenye maombi, na mtu akipelekwa huko hatuoni sababu ya kuwalaumu kama zahanati haikuwaonya. Benzheksoli, au promethazini ya msuli kwa asiyeweza kumeza, humaliza tatizo mara nyingi kabla ya chai kupoa. Lakini benzheksoli siku hizi imegeuka kachumbari, kila sahani inawekwa. Mtu asiye na mkakamao hahitaji, na anayeihitaji ajaribiwe kupunguziwa baada ya miezi mitatu. Inasahaulisha, inafunga choo na mkojo, na vijana wengine huitafuta kwa ulevi.

Hali moja haihitaji mjadala. Mgonjwa aliye kwenye dawa hizi akipata joto kali, mwili ukakakamaa kama ubao, jasho likamtoka na akachanganyikiwa, dawa isimamishwe na aende hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Hapo hutokea makosa mawili: anatibiwa malaria peke yake, au anaonekana "amelipuka" anaongezewa dawa ile ile. Lolote kati ya hayo linaweza kumuua.

Upande wa aliyelipuka kwa mara ya kwanza, tuseme kwa ufupi. Mtu ambaye jana alikuwa mzima na leo anaweweseka, mara yupo mara hayupo, hajui ni mchana au usiku, huyo si wa klopromazini kwanza. Pima sukari, joto, malaria, presha, oksijeni. Angalia shingo kama inakataa kupinda. Pima VVU na kaswende. Kwa mwanamke pima ujauzito na uliza kama amejifungua karibuni. Uliza gongo, na hasa uliza lini aliacha. Anayetetemeka na kuona wadudu ukutani siku ya pili au ya tatu baada ya kuacha pombe anataka diazepamu na vitamini B1. Haloperidoli peke yake inaweza kumletea degedege.

Tunarudi kwenye jambo linalotusumbua zaidi, nalo ni utitiri wa kadi. Mgonjwa mmoja ana kadi ya CTC, yaani kliniki ya VVU, kadi ya kifua kikuu na daftari la shule ambalo ndilo faili lake la akili. Kila chumba kinaandika chake, hakuna chumba kinachosoma cha mwenzake. Matokeo yake ni haya. Mtu aliyetulia miaka mitatu kwa haloperidoli anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, inaliamsha ini, ini linaichoma haloperidoli kabla haijafika kazini, na baada ya wiki kadhaa anasikia tena sauti. Anaambiwa ameacha dawa, na hajaacha hata kidonge kimoja. Dawa za kifua kikuu zikiisha, mambo hugeuka: kama dozi iliongezwa na haikurudishwa, anakakamaa. Vivyo hivyo karbamazepini, dawa ya kifafa, hushusha dolutegraviri, dawa ya VVU, ambayo kwa mtu huyo hutakiwa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Karbamazepini hiyo hiyo hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Wa sindano ya miezi mitatu au kitanzi yuko salama zaidi. Anayetumia litiamu, dawa ya baipola, akichomwa diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, au akiharisha siku mbili, litiamu hupanda hadi kuwa sumu: kutetemeka sana, kutapika, kupepesuka kama mlevi. Kwa maoni yetu, mahali pasipo na kipimo cha litiamu kwenye damu, wala cha figo na cha tezi ya shingo, isianzishwe. Hata sigara imo kwenye hesabu hii. Moshi wake huharakisha kuondolewa kwa olanzapini mwilini, hivyo mvutaji akilazwa na kukatazwa kuvuta, dozi ile ile humlaza fofofo.

Suluhisho si mfumo wa kompyuta. Ni ukurasa wa kwanza wa lile daftari la shule kuandikwa dawa zote anazotumia mtu, za chumba chochote, kwa tarehe, na kila anayeandika dawa mpya aanzie hapo. Wino mwekundu unasaidia.

Tena kuna dawa kuisha, ambako lawama nyingi hupelekwa Bohari ya Dawa peke yake. Sehemu ya tatizo ni namna zahanati inavyoagiza. Maombi hukokotolewa kwa matumizi ya miezi iliyopita. Dawa ikikosekana miezi miwili, wagonjwa hawaji; wasipokuja, matumizi yanasomeka sifuri; sifuri ikiingia kwenye hesabu, oda ijayo inakuwa ndogo zaidi, hadi siku moja dawa inafutika kwenye orodha ya kituo kwa kuwa "haina wateja". Wateja wapo, wamefungwa kwa kamba nyumbani. Oda ya dawa za akili ihesabiwe kwa vichwa. Wagonjwa 20 wa sindano ya kila wiki nne, ampuli moja kila mmoja, mara 13, ni ampuli 260 kwa mwaka. Ongeza robo kwa wapya na ucheleweshaji, zinakuwa 325. Mabomba na sindano namba 21 ziagizwe kwa idadi hiyo hiyo, maana tumekwisha kuona dawa ikikaa kabatini kwa kukosa sindano ya kuipitisha. Bohari ikikosa, utaratibu wa Jazia wa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji aliyeteuliwa, upo. Dawa za akili nazo ziwemo kwenye orodha ya mahitaji.

Asiyefika siku yake atafutwe ndani ya siku saba. CTC wamekwisha tufundisha namna: namba za simu za watu wawili alioridhia mwenyewe, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua nyumba, na daftari la miadi linalofunguliwa kila asubuhi. Anayekwenda kumtafuta asivae sare wala asiulize jirani "yule mgonjwa wa akili anakaa wapi".

Tutaambiwa zahanati ina wahudumu wawili na foleni ya kliniki ya mtoto imefika nje. Ni kweli. Ndiyo maana hatuombi kliniki mpya. Tunaomba siku iliyopo itumike vizuri, na uzito na tepu vinaweza kupimwa na mhudumu wa jamii aliyeelekezwa. Wala hili si jambo la kigeni hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, ilianza kuteremsha huduma za akili kutoka hospitali kubwa hadi zahanati, ikianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Watumishi wa ngazi ya chini walionyesha wanaweza kutambua, kutibu na kufuatilia. Kilichobaki nyuma ni mwili wa mgonjwa.

Kwa waganga wakuu wa wilaya na wanaopitisha bajeti za halmashauri, hesabu ya vijiti vya kupimia sukari ni hii. Wagonjwa 20 kwa kipimo kimoja cha mwaka, wapya wachache kwa vipimo viwili, na vichache vya kurudia, kasha moja la vijiti 50 linatosha zahanati mwaka mzima. Ila vijiti vya aina nyingi, kichupa kikishafunguliwa, hutakiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, na unyevu wa pwani huviharibu mapema zaidi. Kwa hiyo visifungiwe kwenye kabati la "akili". Vitumike pamoja na vya wagonjwa wengine wa nje, au wagonjwa wote wa sindano wapimwe sukari katika mwezi mmoja uliopangwa, wakija asubuhi kabla ya kunywa chai.

Wahudumu wa kliniki ya afya ya akili,
Morogoro